Elimu ya Nyumbani na Malezi ya Raia: Kuisoma Barua ya Luther ya Mwaka 1524 Tukiwa Shelui

Utangulizi

Jumapili moja baada ya ibada hapa Shelui, mzazi mmoja, Mkristo hodari asiyekosa kipindi cha Biblia, alitujia na swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Tangu muhula uliopita alikuwa amewaweka nyumbani watoto wake wawili waliokuwa wakisoma shule ya msingi. Darasa la yule mkubwa, alisema, lilikuwa na wanafunzi wengi kuliko madawati. Mtoto alichapwa mara kwa mara, na matusi aliyorudi nayo jioni hakuyasikia kwa baba yake wala kwa mama yake. Mama wa watoto aliwahi kufundisha; vitabu wanavyo; masomo mengine siku hizi hupatikana hata kwa simu. Basi wameamua kuwafundisha wenyewe, katika kumcha Bwana. Kisha akauliza: "Mchungaji, si ninyi mnaotufundisha kwamba baba ni mchungaji wa nyumba yake? Nimekosea wapi?"

Makala haya ni jibu letu kwake, nasi tunalitoa mbele ya wasomaji wa jarida hili kwa kuwa tunaamini wachungaji wengine wataulizwa swali hilo, kama hawajaulizwa bado. Ili kulijibu, tumeona ni vyema kuichunguza upya barua ambayo Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani mwaka 1524, akiwahimiza waanzishe shule za Kikristo na kuzitunza. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndani ya barua hiyo Luther anakutana na mzazi wa namna hii hii, anayesema kwamba kila mtu anaweza kuwafundisha wanawe mwenyewe. Pili, sisi Walutheri tuna mazoea ya kumtaja Luther bila kumsoma, na tukimsoma, hatumhoji.

Hoja yetu kwa ufupi ni hii: Luther alikuwa na haki aliposema kwamba nyumba peke yake haiwezi kumlea raia, lakini hoja yake iliishia njiani, kwa sababu hakuuliza mtoto anakutana na nani huko shuleni. Swali hilo asiloliuliza ndilo linalotuhusu sisi wa leo.

Elimu ya nyumbani ni nini

Kwa maneno "elimu ya nyumbani" hatukusudii malezi ambayo kila mzazi anawajibika nayo mbele za Mungu. Tunakusudia uamuzi wa mzazi kutompeleka mtoto shule, au kumwondoa, na kumfundisha masomo yote yeye mwenyewe. Huko Marekani jambo hili limekuwa kubwa. Mwaka 2016 serikali ya nchi hiyo ilikadiria kwamba watoto wapatao milioni 1.7 walikuwa wakifundishwa nyumbani. Kwetu Afrika Mashariki ni wachache, lakini wapo, hasa katika miji kama Nairobi, Dar es Salaam na Arusha, zikiwamo familia za Wakristo wenye bidii.

Sheria za nchi zetu zimeelekea upande mwingine. Sheria ya Elimu ya Tanzania, Na. 25 ya mwaka 1978, inalazimisha kuandikishwa kwa mtoto aliyetimiza miaka 7 na kumtaka ahudhurie mpaka amalize elimu ya msingi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 nayo inamwajibisha mzazi kuhakikisha kwamba mwanawe anahudhuria shule. Lakini mchungaji hawezi kumjibu mwenye dhamiri kwa kumwonyesha kifungu cha sheria tu. Hana budi kumwonyesha pia wema ambao sheria hiyo inaulinda, kama kweli upo.

Tena sote tumekwisha kuionja elimu ya nyumbani kidogo. Tarehe 17 Machi 2020 serikali yetu ilifunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka tarehe 29 Juni. Wakati ule tuliona wazi kwamba "nyumbani" si mahali pamoja. Kwa wengine nyumbani palikuwa na vitabu, redio, na mama anayejua kusoma. Kwa wengine nyumbani palikuwa ni jembe, mbuzi, na mtoto mchanga wa kubebwa mgongoni.

Luther anasemaje

Isidhaniwe kwamba Luther aliipenda shule kwa sababu alitendewa mema huko. Katika mazungumzo yake ya mezani alikumbuka kwamba siku moja alichapwa mara 15 kabla ya adhuhuri kwa ajili ya sarufi ambayo hakuwa amefundishwa bado. Katika barua yenyewe ya 1524 anazifananisha shule za utoto wake na jehanamu na toharani, mahali ambapo mtoto aliteswa sana na kujifunza kidogo. Mzazi wetu wa Shelui hana malalamiko ambayo Luther hakuyajua. Tofauti yao ni katika hitimisho. Mzazi huyu anasema, Shule ni mbaya, basi mtoto atoke. Luther anasema, Shule ni mbaya, basi mji uitengeneze.

Hoja zake ni tatu. Ya kwanza ni ya hali halisi. Wazazi wengine hawana nia ya kuwafundisha watoto. Wengi zaidi hawana uwezo, kwa maana wao wenyewe hawakufundishwa. Na wale wachache wenye nia na uwezo hawana nafasi, kwa sababu ya kazi na shughuli za nyumba. Kama kila mmoja akiachiwa wake, walio wengi wataachwa bila kitu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Luther anakubali kwamba mzazi anaweza kumlea mtoto vizuri nyumbani. Lakini hata malezi hayo yakifanikiwa kabisa, asema, yatazaa adabu ya nje tu. Mtoto atajua kuketi na kusimama, lakini hataweza kusema neno juu ya jambo lolote, wala kumshauri mtu. Shuleni, kinyume chake, husikia habari za miji, falme, wanaume na wanawake, mambo yaliyowaendea vizuri na yaliyowaendea vibaya. Kwa muda mfupi huiona dunia nzima mbele yake kama katika kioo. Maarifa hayo mtu hawezi kuyapata kwa maisha yake mwenyewe isipokuwa kwa miaka mingi na makosa mengi.

Hoja ya tatu inawahusu madiwani wenyewe. Mji, asema, hutumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara, madaraja na mabwawa. Lakini utajiri wa mji si kuta zake wala majumba yake. Ni wananchi wenye akili, elimu na heshima. Kwa nini basi mji usitoe fedha kwa mwalimu mmoja au wawili?

Tuangalie pia kwamba Luther hainyang'anyi nyumba haki yake. Anataka mvulana ahudhurie saa moja au mbili kwa siku, na msichana saa moja, na muda uliobaki wafanye kazi za nyumbani na kujifunza ufundi. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 anamweka mkuu wa nyumba kuwa mwalimu wa imani. Na katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huo huo, akieleza amri ya nne, anafundisha kwamba mamlaka yote hutoka katika mamlaka ya wazazi. Baba asipoweza kumfundisha mwana peke yake, humtumia mwalimu, na akiwa dhaifu, huomba msaada wa rafiki na jirani. Kwa hiyo ni kweli kwamba baba ni mchungaji wa nyumba yake. Lakini kila mchungaji mwema anajua mahali uwezo wake unapokomea.

Mwana wa Luther mwenyewe

Mtu anaweza kusema kwamba ni rahisi kuwaandikia madiwani juu ya watoto wa wengine. Itafaa basi tuingie katika nyumba ya Luther mwenyewe. Watoto wake walifundishwa nyumbani na walimu walioishi kwake. Hapana shaka kwamba nyumba yenye mwalimu kama Luther, na mama mwenye bidii kama Katharina, ilikuwa bora kuliko shule nyingi. Hata hivyo, mwezi Agosti mwaka 1542 alimpeleka mwanawe Hans, mwenye umri wa miaka 16, katika shule ya Torgau, kwa mwalimu Marcus Crodel, afundishwe sarufi na muziki. Pamoja naye alimpeleka Florian, mwana wa ndugu yake Katharina. Katika barua yake kwa Crodel alieleza sababu: aliona kwamba vijana hao walihitaji mfano wa kundi la vijana wengi, na kwamba jambo hilo lilionekana kwake kuwa na nguvu kuliko mafunzo ya faraghani, ya mtu mmoja mmoja.

Huyu ndiye mtu aliyeandika Katekisimo kwa ajili ya nyumba, naye anakiri kwamba nyumba yake haikutosha.

Wala hakufanya hivyo bila gharama. Majuma machache baadaye binti yake Magdalena, mwenye umri wa miaka 13, aliugua, akataka kumwona kaka yake. Luther alimwandikia Crodel amrudishe Hans upesi. Magdalena alifariki tarehe 20 Septemba 1542. Hans alirudi Torgau, na mwisho wa mwaka huo alikuwa akililia nyumbani. Baba yake alimwandikia ajitie nguvu na kuishinda huzuni hiyo. Tunaposoma habari hizi tunaona kwamba hoja ya shule kwa Luther haikuwa ya mtu asiyejua uchungu wa kutengana na mtoto. Kumpeleka mtoto kati ya watu wengine ni kutoa kitu, na mzazi anayesitasita asihesabiwe kuwa mjinga.

Mamaye na ulimwengu

Wahenga wetu walisema, Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mara nyingi tunaitumia methali hii kama onyo, na ndani yake ulimwengu ni fimbo inayomngoja mtoto aliyeharibika nyumbani. Luther anatusaidia kuona upande wa pili. Hata aliyefunzwa vizuri na mamaye bado anahitaji kufunzwa na ulimwengu, kwa maana yako mambo ambayo mama, kwa sababu ni mama, hawezi kuyafundisha.

Siku chache baada ya mazungumzo yetu na yule mzazi tuliketi barazani pa kanisa watoto wakicheza mpira. Mwanawe mkubwa alikuwapo. Asubuhi hiyo alitupa shikamoo kwa heshima kuliko wenzake wote, na zaburi aliisoma bila kujikwaa. Malezi ya wazazi wake yalionekana. Kisha ukatokea ubishi kama mpira ulipita kati ya mawe mawili au juu yake. Watoto walibishana kwa Kinyiramba, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na mmoja wao alikuwa mtoto wa mfugaji Mtaturu. Mtoto wetu alikwenda kumwita mama yake aje kuamua. Wale wengine walimwita msichana mdogo aliyekuwa ameketi ukutani, asiye wa upande wowote, wakamwuliza aliona nini. Mama alipofika, mchezo ulikuwa umekwisha kuendelea.

Hatutaki kulijengea tukio moja nyumba kubwa. Siku nyingine watoto wale wale wangeweza kupigana. Lakini tuliona kwa macho kile ambacho Luther alikiona kwa vijana wa Torgau. Kuishi chini ya amri ya anayekupenda ni jambo moja. Kutafuta mwamuzi kati ya watu wasiolazimika kukupenda ni jambo jingine, na hilo ndilo mwanzo wa uraia. Katika vijiji vyetu, kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Huko hakuna mama wa kuitwa. Kuna mfugaji na mkulima wanaogombania maji, na mtu aliyeketi kati yao.

Upungufu wa Luther

Mpaka hapa tumekuwa upande wa Luther. Sasa hatuna budi kumhoji. Alimpeleka Hans katika kundi la vijana wengi. Lakini lilikuwa kundi gani? Lilikuwa kundi la vijana wa imani moja na lugha moja, waliotayarishwa kuwa wachungaji na watumishi wa watawala. Barua ya 1524 na mahubiri yake ya mwaka 1530 juu ya kuwaweka watoto shuleni yanarudia haja hiyo: Kanisa linahitaji wahubiri, na dola inahitaji waandishi na wanasheria. Jirani aliye tofauti hayumo darasani.

Matokeo yake yanatuumiza kuyataja. Mwaka 1543, mwaka mmoja tu baada ya barua ile kwa Crodel, Luther aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi, akiwashauri watawala kuchoma masinagogi na shule zao. Kanisa la Kilutheri duniani limekwisha kuyakataa maneno hayo waziwazi, nasi tunayakataa. Lakini kuyakataa hakutoshi, tujifunze. Mtu aliyeona wazi kwamba mtoto anahitaji kundi hakuona kwamba kundi la waliofanana nasi linaweza kuwa nyumba nyingine tu, iliyopanuliwa kuta zake.

Historia ya nchi yake inathibitisha jambo hili kwa namna ya kutisha. Mwaka 1938 serikali ya Hitler iliweka sheria moja ya nchi nzima ya kuwalazimisha watoto kuhudhuria shule, yenye adhabu. Mwezi Novemba mwaka huo huo watoto wa Kiyahudi waliokuwa wamebaki katika shule za umma walifukuzwa. Shule ikawa lazima kwa wote, isipokuwa yule jirani. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikataa shauri ya wazazi Wakristo wa Ujerumani waliotaka kuwafundisha watoto wao nyumbani. Ilikubali kwamba nchi ina haki ya kuzuia isigawanyike katika jamii zisizokutana. Sababu hiyo twaiona kuwa njema. Lakini aliyesoma habari za 1938 anajua kwamba serikali inayowakusanya watoto wote mahali pamoja inaweza kuwakusanya kwa wema au kwa uovu. Luther aliwaamini mno madiwani wake. Mzazi anayeitazama shule kwa mashaka analinda kitu ambacho Kanisa halipaswi kukidharau.

Nyumba ya Kiafrika haikuwa nyumba moja

Wengine hutetea elimu ya nyumbani wakisema kwamba ndiyo elimu ya asili ya Mwafrika, na kwamba shule ni kitu cha wageni. Katika "Elimu ya Kujitegemea" ya mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba kabla ya ukoloni watoto wetu walijifunza kwa kuishi na kutenda, na akalaumu shule zilizomtenga kijana na jamii yake. Lakini tuangalie vizuri elimu hiyo ya zamani ilikuwaje. Jirani zetu Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wavulana waliketi na wanaume na kufundishwa. Pale mtoto hakufundishwa na baba yake peke yake. Alifundishwa na wazee, na alisahihishwa na mtu asiye baba yake, mbele ya vijana wenzake. Kwa hiyo anayefunga mlango na kumfundisha mtoto wake peke yake asidai kwamba anarudi kwa mababu. Mababu wasingemwelewa.

Hata hivyo shikome nayo ilikuwa na mpaka wake: iliwakusanya watu wa lugha moja. Shelui ya leo haiwezi kuishi kwa shikome moja. Mji huu uko katika barabara kuu itokayo Singida kwenda Igunga na Nzega, chini ya mlima Sekenke. Wako Wanyiramba wenye mashamba, Wasukuma na Wataturu wenye mifugo katika mbuga ya Wembere, wachimbaji wa dhahabu wa Sekenke, wafanyabiashara kutoka kila upande, Wakristo na Waislamu. Mahali ambapo watoto wa hawa wote huketi pamoja kila siku, kwa lugha moja, ni shule ya msingi. Ina vumbi, imejaa, mwalimu amechoka; lakini hatujui mahali pengine.

Wala tusisahau kwamba hapa wako watoto wengine wanaobaki nyumbani, ambao wazazi wao hawakusoma kitabu chochote juu ya elimu ya nyumbani. Ni mvulana anayefuata ng'ombe Wembere, na msichana anayelea mdogo wake. Mvulana yule anajua mengi: majani, maji, magonjwa ya ng'ombe. Lakini atakapokuwa mtu mzima, na mkutano wa kijiji ukijadili mpaka wa malisho, karatasi itasomwa na wengine, naye atainua mkono kwa jambo asilolielewa. Mkristo mwenye uwezo akisema kwamba shule si ya lazima, mfugaji naye atamsikia.

Kuta za ada

Hapo ndipo lawama inaturudia sisi wenyewe. Wazee wa Iramba wanakumbuka kwamba Kiomboi ilikuwako shule ya bweni ya watoto wa wamisionari wa Augustana kutoka Marekani. Wamisionari hao walitufundisha mengi, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini watoto wao walisoma peke yao, na watoto wa Wanyiramba peke yao, chini ya Kanisa moja. Ile ilikuwa shule, lakini kwa swali tunalouliza hapa ilikuwa karibu na nyumba kuliko shule.

Kisha, mwaka 1970, kwa kufuata sheria ya mwaka uliotangulia, serikali ilizitaifisha shule za makanisa ili ziwe za wananchi wote bila kujali dini. Makanisa yalihuzunika. Lakini katika miaka ile kijana wa Iramba aliweza kuketi dawati moja na kijana wa Bukoba, wa Mtwara au wa Tanga, Mkristo na Mwislamu, na baadaye kukutana nao tena katika Jeshi la Kujenga Taifa. Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa chema. Ubora wa elimu ulishuka mahali pengi. Tunasema tu kwamba sehemu ya amani ambayo nchi hii imejivunia ilipandwa katika madawati yale.

Mwaka 2016 elimu katika shule za serikali iliondolewa ada mpaka kidato cha nne, na leo mwenye uwezo anampeleka mwanawe mahali penye ada. Shule hizo nyingine ni za Kanisa letu, nazo tunazihitaji. Lakini tuulize kwa unyofu: mtoto anayechukuliwa na basi alfajiri na kurudishwa jioni, asiyecheza na mtoto wa jirani kwa sababu wanasoma shule mbalimbali, ana tofauti gani na yule aliyefungiwa nyumbani? Ada ni ukuta kama ukuta mwingine. Hatuwezi kumlaumu mzazi wa Shelui kwa kujenga kwa mkono kile ambacho sisi tumekijenga kwa saruji.

Ushahidi wa watu wazima

Msomaji atataka kujua waliokua kwa elimu ya nyumbani wamekuwa raia wa namna gani. Huko Marekani jambo hili limechunguzwa, na majibu hayakubaliani. Brian Ray, anayeitetea elimu hiyo, aliwahoji watu wazima wapatao elfu saba, akawaona kuwa wenye bidii katika jamii zao. Lakini waliojibu walikuwa wale waliotaka kujibu. Mwaka 2013 Jonathan Hill na Kevin den Dulk, wakitumia takwimu za vijana wa nchi nzima, waliona kwamba waliofundishwa nyumbani walijitolea katika kazi za jamii kwa kiasi kidogo zaidi kuliko waliosoma shule za Kiprotestanti. Mwaka 2014 Albert Cheng, katika chuo kikuu kimoja cha Kikristo, aliona kwamba waliofundishwa nyumbani kwa miaka mingi walikuwa wavumilivu zaidi kwa watu wa siasa wasiyoipenda.

Ushahidi huu unatuzuia tusitoe hukumu ya haraka. Haithibitiki kwamba elimu ya nyumbani humharibu mtu, wala kwamba shule humponya. Kwa maoni yetu unatusukuma kurudi kwenye swali ambalo Luther hakuliuliza: mtoto alikutana na nani, na walifanya nini pamoja?

Maandiko nayo hayatupi upande mmoja. Kumbukumbu la Torati 6 linaweka mafundisho katika nyumba, na Timotheo alipata imani kwa Loisi na Eunike. Lakini Paulo alikaa miguuni pa Gamalieli, na Yesu mwenye umri wa miaka 12 alionekana hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza, wazazi wake wakimtafuta kwa uchungu. Wana wa Eli walikulia katika nyumba ya kuhani mwenyewe, wakaharibika. Samweli, aliyetolewa na mama yake angali mdogo, hakuharibika.

Hitimisho

Tulimwendea yule mzazi kabla ya kuondoka Shelui, tukamweleza haya kwa maneno machache. Tulikiri kwamba hofu yake ni ya haki, na kwamba mtoto anayechapwa ovyo hana budi kulindwa. Lakini tulimwomba awarudishe watoto, na ajitoe yeye mwenyewe kuwa mjumbe wa kamati ya shule, ili bidii yake ambayo sasa inawafaa watoto wawili iwafae wote waliokosa madawati. Tulimkumbusha kwamba Luther alitaka saa mbili tu. Saa za jioni bado ni zake, na katika hizo hakuna atakayemnyang'anya uchungaji wa nyumba yake.

Nasi tuliorudi chuoni tuna deni. Mchungaji anayefundisha kipindi cha dini katika shule ya serikali asikihesabu kuwa kazi ya ziada. Hapo ndipo anapokutana na watoto wa mji mzima. Shule za Kanisa zitenge nafasi kwa watoto wa jirani wasio na ada, si kwa huruma tu, bali kwa faida ya watoto wenye ada. Na katika madarasa ya kipaimara tufundishe Ungamo la Augsburg juu ya serikali kama jambo linalohusu mkutano wa kijiji, si mambo ya Ujerumani ya kale.

Yule mzazi alitusikiliza mpaka mwisho. Mkewe aliuliza jambo moja: kama mtoto akichapwa tena, tutakuwa wapi? Hatukuwa na jibu zuri. Tulimwambia kwamba mchungaji wa usharika atakwenda pamoja naye kwa mwalimu mkuu, naye mchungaji alikubali mbele yetu. Mpaka tunaandika makala haya hatujapata habari kama watoto wamerudi. Tunawaombea, na tunaiombea shule ile, kwa maana katika amani ya mji huo wao nao watapata amani.